Rangi ya Midomo ya Bei Kubwa, na Haki Zilizotangulia Mbele Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba uzuri akawahalalishia waja wake kujipamba, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Kyela ni nchi ya tambarare iliyoko kichwani mwa Ziwa Nyasa, upande wa kaskazini. Mashariki yake imesimama milima ya Livingstone kama ukuta, na magharibi wapita mto Songwe, ambao ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Watu wa pwani waijua nchi hiyo kwa mchele wake wenye harufu nzuri, mchele ambao kila mwenye kupika karamu hupenda kuwatilia wageni wake. Lakini katika miaka hii Kyela imejulikana kwa zao jingine, nalo ni kakao, na hapana wilaya ya Tanzania iliyoitangulia kwa zao hilo. Mwezi wa Machi mwaka 2024, mavuno ya Kodivaa na Ghana yalipopungua, bei ya tani moja ya kakao katika masoko ya dunia ilivuka dola 10,000, jambo ambalo lilikuwa halijapata kuonekana. Kisha kabla mwaka 2025 haujaisha bei hiyo ilikuwa imeshuka hata kukaribia nusu yake. Basi fedha ilikuja kwa kishindo, na ikaondoka kwa kishindo, na baina ya kuja kwake na kuondoka kwake ndipo tabia za watu zilipodhihiri.

Waislamu katika nchi hiyo si wengi. Wenyeji wake, Wanyakyusa, walio wengi ni Wakristo, kwani wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia tangu mwaka 1891. Waislamu waliomo, wengine ni wenyeji, na wengine ni watu wa pwani waliofuata mchele na kakao, wakaoa na kujenga huko. Na mtu akiwa mchache katika mji wa watu, matumizi yake ya mali hutazamwa kuliko ya wengine.

Na uchukuliwe mfano wa mtu wa Tanga aliyefanya makao Kyela, ana shamba la mpunga na miti ya kakao, na mke wake yuko pamoja naye. Mwaka ule wa neema mke alimjia akamwambia, "Bwana, mwaka huu Mungu amekupa. Niagizie rangi hii ya midomo." Akamwonyesha katika simu kijiti cha rangi ndani ya kibweta kinachong'aa. Mume akauliza bei, akaambiwa, akaruka juu. "Mambo ya makafiri hayo! Fedha yote hiyo kwa kupaka mdomo?" Mke akanyamaza, na siku ile nyumba ikalala bila ya mazungumzo.

Katika maneno ya mume yule mna mambo mawili yaliyochanganywa, na kila moja lataka kutazamwa peke yake. La kwanza ni kuwa kupaka midomo rangi ni jambo la makafiri. La pili ni kuwa bei yake ni kubwa kupita kiasi. Lile la kwanza si kweli. La pili ni kweli, lakini si kwa sababu aliyoidhani yeye.

Ama kuwa wekundu wa midomo ni jambo geni, hilo halisemwi na mtu aliyelelewa pwani. Kabla ya vijiti hivi vya Ulaya kufika, mabibi wa Lamu na Mombasa na Unguja na Tanga walikuwa wakitafuna tambuu, jani lake na popoo na chokaa na kachu, hata midomo ikageuka myekundu, na waume zao wakifurahi. Walitia wanja machoni, hina mikononi na miguuni, dalia na liwa mwilini, wakajifukiza udi na kutia asumini nguoni. Mashekhe walikuwapo, na wake wa mashekhe walikuwa wakifanya hayo hayo, wala haikunenwa kuwa ni ukafiri. Rangi ya kijiti na rangi ya tambuu, zikiwa mdomoni mwa mke ndani ya nyumba ya mumewe, hukumu yake ni moja.

Na asili ya jambo hili imo katika Kitabu. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amewakanya wale wanaojiharimishia pambo aliloliumba Yeye kwa waja wake. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 31, ametaja walio halali kuonyeshwa pambo la mwanamke, na wa kwanza kutajwa ni mume. Basi asemaye kuwa pambo lenyewe ni haramu amejitwalia cheo kisichokuwa chake. Haramu yaingia pale pambo linapotolewa njiani ili watu baki walitazame, na hilo ni jambo la mahali lilipoonyeshwa.

Tena yafaa waume wakumbuke habari ya Ibn Abbas (R.A.). Imepokewa kwake kuwa alikuwa akipenda kujipamba kwa ajili ya mke wake kama alivyopenda yeye mke ajipambe kwa ajili yake, na dalili aliitoa katika aya ya 228 ya Sura ya Al-Baqara, inayoeleza kuwa wake wana haki juu ya waume kwa mfano wa haki iliyo juu yao. Wangapi leo waijua habari hiyo, na wangapi huingia nyumbani na jasho la ghalani na vumbi la magunia, kisha wakalaumu kuwa mke hajatengenea?

Hayo ndiyo ya pambo. Sasa yatazamwe ya bei.

Kijiti cha rangi ya midomo kwa kawaida kina uzito wa gramu tatu na nusu hivi. Ndani yake mna nta, ya nyuki au ya miti, na mafuta, mara nyingi ya mbarika, na rangi, ambayo aghalabu hutokana na kutu ya chuma iliyosafishwa, au hutengenezwa kiwandani. Katika baadhi ya rangi hizo hutiwa siagi ya kakao, ile ile inayokamuliwa katika mbegu zinazoanikwa juu ya majamvi huko Kyela. Hapana dhahabu ndani yake, wala lulu, wala ambari. Nyumba ya Hermès ya Ufaransa ilipotoa rangi zake za midomo mwaka 2020, kijiti kimoja kiliuzwa Marekani kwa dola 67, na watu wakashangaa. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 nyumba ya Louis Vuitton, ya Ufaransa nayo, ilitoa ya kwake kwa dola 160. Kwa fedha ya Tanzania ya siku zile ni kama shilingi laki nne.

Na ipimwe laki nne kwa vipimo ambavyo mtu wa Kyela avijua. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali, kilichoanza Julai mwaka huo huo wa 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Mchele hata ukihesabiwa shilingi 3,000 kwa kilo, laki nne yanunua kilo 133, na nyumba ya watu watano haimalizi chakula hicho kwa siku chache. Dola 160 katika ile bei ya dola 10,000 kwa tani ni thamani ya kilo 16 za kakao kavu. Bei iliposhuka kufikia nusu, zikawa kilo 32. Na mkulima hapati bei ya dunia kamili, kwani baina yake na dunia pana ushuru na chama na mnada na msafirishaji.

Hapo mume atasema, "Sikusema? Ni israfu!" Lakini na aulizwe: israfu ni nini? Israfu haipimwi kwa wingi wa fedha peke yake. Katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, wamesifiwa wale ambao wakitoa mali hawapiti kiasi wala hawafanyi choyo, bali hukaa katikati ya hayo mawili. Aya hiyo ina makali pande zote mbili, na waume wengi hukamata upande mmoja tu. Mtu mwenye mali nyingi, aliyekwisha kutimiza haki zake, akimnunulia mkewe kitu cha thamani kwa moyo mweupe, haitwi mbadhirifu kwa hilo tu. Katika Sura ya At-Talaq, aya ya 7, imeamrishwa kuwa mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyebanwa riziki atoe katika alichopewa. Na imepokewa na Imamu Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alizitaja dinari za kheri, iliyotolewa katika njia ya Mungu, na ya kumkomboa mtumwa, na ya maskini, na ya watu wa nyumbani, akaihukumia hii ya mwisho kuwa ndiyo yenye ujira mkubwa zaidi. Basi fedha ya kumfurahisha mke si fedha iliyotupwa.

Lililo baya katika kijiti cha laki nne ni jingine. Rangi nzuri, iliyotengenezwa kwa usafi na kupimwa, yapatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Kinacholipiwa kwa sehemu iliyobaki ni jina. Na rangi ikishapakwa mdomoni jina halionekani. Mume akimtazama mkewe usiku huona wekundu. Hawezi kujua kuwa wekundu huu umetoka Paris na ule umetoka Kariakoo. Jina limebaki juu ya kibweta, na kibweta chatolewa mkobani arusini, mbele ya wanawake wenziwe, kipakwe polepole ili kila mmoja akione. Basi rangi ni ya mume, na jina ni la watu. Ile robo ya fedha ilinunua pambo. Robo tatu zilinunua macho ya majirani. Wauzaji wenyewe walijua siri hii zamani. Husemwa katika biashara yao kuwa siku za dhiki, mtu asipoweza kununua nguo ya nyumba kubwa, hununua rangi ya midomo ya nyumba hiyo hiyo, apate japo jina lake.

Na hapa pana hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, nayo ni kama iliyosemwa kwa ajili ya suali hili. Mwanamke alimwendea Mtume (S.A.W.) akauliza kama ni vibaya kumwonyesha mke mwenziwe kuwa mume amempa kitu ambacho hakumpa. Mtume akamfananisha mwenye kujionyesha kuwa amepewa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo. Hadithi hii yawafikia wengi katika siku hizi, kwani jina la nyumba kubwa lisipopatikana la kweli, hununuliwa la bandia. Kijiti cha shilingi elfu chache hutiwa katika kibweta cha kuiga na kupigwa muhuri wa kuiga, kikauzwa sokoni. Muuzaji amedanganya katika biashara, na mnunuzi ajuaye amedanganya mwilini mwake. Tena hajui kilichomo ndani, kwani mwenye kuiba jina hataona taabu kutia rangi isiyofaa mwilini. Vipodozi Tanzania viko chini ya Shirika la Viwango, na rangi isiyopitia huko mwanamume haimfai kumpelekea mkewe, iwe rahisi namna gani.

Ufuo huo wa kaskazini wa Nyasa wajua tangu zamani kwamba anasa ya mtu wa mbali hulipwa na mtu wa karibu. Katika miaka ya 1880 palikuwa Karonga, ng'ambo ya Songwe, mfanya biashara wa Kiswahili aliyeitwa Mlozi bin Kazbadema. Pembe za ndovu zilitoka huko kwenda pwani, na watu walikamatwa wakauzwa, na kilichokuja badala yake kilikuwa nguo na shanga na baruti. Vita vyake na Waingereza vilianza mwaka 1887, na mwisho wake Mlozi alinyongwa Karonga mwezi wa Disemba mwaka 1895. Zile pembe zilichongwa Ulaya na Marekani zikawa vitana na vipande vya kinanda na mipira ya kuchezea mezani. Waislamu wa pwani wana haki ya kuikumbuka habari hiyo bila kuipamba, kwani watu waliouzwa walikuwa watu, na miongoni mwa wauzaji walikuwamo waliosali. Kakao ya leo si biashara ya namna ile, na kuuza kakao ni kazi halali. Lakini mwenye kuuza mbegu kwa kilo na kununua gramu tatu na nusu za siagi yake kwa laki nne, na ajue katika mizani hiyo amesimama upande gani.

Enyi ndugu, ilivyosemwa hapa juu ya kibweta cha mke ndivyo itakavyosemwa juu ya sanduku la mume. Yule mtu wa Tanga aliyepiga kelele kwa laki nne, mfukoni mwake mna nini? Tola moja ya mafuta ya udi mzuri, isiyozidi kidole urefu, yaweza kupita bei ya kijiti kile, naye huinunua kila mwaka na kuiita Sunna. Manukato ni Sunna kweli, lakini Sunna haikutaja jina la duka la Dubai. Kofia yake ya viua ameilipia kwa wiki nyingi za kazi ya mshonaji, na simu yake imebadilishwa kwa sababu imetoka mpya. Na wako walio chini kuliko hapo, ambao kila Jumamosi huweka fedha katika kubashiri mipira kwa simu, na hiyo si israfu tena, ni kamari, na hukumu yake imo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90. Mtu wa namna hii akimkanya mkewe juu ya rangi, maneno yake ni ya haki na ulimi wake ni wa dhuluma. Mke hukubali nyumbani kwa kuogopa, na moyoni ahesabu tola.

Basi mizani ni moja kwa wote wawili, na kabla ya kupima anasa, iwe udi au rangi, zitolewe kwanza haki zilizotangulia mbele yake. Mpunga una zaka. Katika madhehebu ya Imamu Shafi ukiwa umekobolewa nisabu yake ni wasaki tano, ambazo kwa hesabu ya wengi wa leo ni karibu ya kilo 650, na ukiwa umewekwa pamoja na ganda lake nisabu yake ni wasaki kumi. Ulionyweshwa na mvua au na mafuriko ya mito, kama ulivyo mpunga mwingi wa Kyela, hutolewa ushuri, fungu moja katika kumi. Ulionyweshwa kwa gharama, nusu ya ushuri. Kakao haina ushuri katika madhehebu hayo, kwa kuwa si chakula cha kuwekwa akiba. Lakini fedha yake ikifika nisabu na kukaliwa na mwaka, ina zaka yake, mbili na nusu katika mia. Wengi husahau hapa. Huona mpunga ndio wenye zaka, na fedha ya kakao ndiyo ya kustarehe.

Kisha kuna vibarua. Wanaopasua kakao, wanaoianika, wanaokata mpunga matopeni tangu alfajiri, hao wana ujira, na imepokewa kwa Ibn Majah kuwa Mtume (S.A.W.) ameamrisha apewe kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwenye kumwambia kibarua "njoo wiki ijayo" na siku hiyo hiyo akatuma fedha Dar es Salaam ili kijiti kipakiwe katika basi, huyo amempaka mkewe jasho la mtu.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Anasa ikishaahidiwa na fedha haijawa tayari, mtu hushawishika kuuza matunda yangali mtini, machanga, au mpunga ungali kijani, kwa mnunuzi anayezunguka na fedha taslimu. Mnunuzi hutoa bei ya kumwumiza, na mkulima hupokea kwa sababu ya haraka. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kukomaa kwake. Hekima yake yaonekana wazi Kyela. Mvua ikizidi au ugonjwa ukiingia mtini, mmoja amekula mali ya mwenziwe bila haki. Na mavuno yakiwa mema, mwenye shamba husimama akitazama kakao yake ikipelekwa mnadani kwa jina la mtu mwingine. Miezi ya kabla ya mavuno nyumba yake hununua mchele dukani, mchele uliotoka katika bonde lake mwenyewe. Watoto hawali rangi.

Baada ya kutoka haki hizo, na deni likalipwa, na ada ya watoto ikawekwa, hapo ndipo mume na mke waweza kukaa wakazungumza juu ya pambo. Na katika mazungumzo hayo yafaa kila mmoja ajue mpaka wake. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu kilichosomeshwa misikitini mwa pwani kwa miaka mingi, ameweka katika wajibu wa mume vitu vya usafi, kama kitana na mafuta ya kichwa. Ama wanja na hina na vitu vya kujipambia, hivyo havimlazimu mume. Basi mke hana dai la kisharia kuwa lazima aletewe rangi, sembuse ya laki nne. Lakini wanavyuoni wakaongeza kuwa mume akitaka mkewe ajipambe, yeye ndiye wa kuleta vitu vya kujipambia. Mwanamume anayetaka kumwona mkewe kama wale anaowatazama katika simu, na hataki kutoa hata shilingi elfu kumi ya rangi safi, ameomba mavuno bila kupanda.

Na mke akiwa na mali yake mwenyewe? Hapa waume wengi hupotea. Mahari ni mali yake, kama ilivyo katika Sura ya An-Nisa, aya ya 4, na katika aya ya 32 ya sura hiyo imeelezwa kuwa wanawake wana fungu lao katika walichokichuma. Mwanamke mwenye miti yake ya kakao aliyorithi, au mwenye duka lake Matema, akinunua kijiti kwa fedha yake, mume aweza kumnasihi, wala hana amri juu ya fedha ile. Mwenye kutaka kujua uzito wa fedha ya mwanamke na aende soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema, awatazame wanawake wa Kikisi wanavyokuja kwa mitumbwi na vyungu vyao vilivyochomwa kijijini Ikombe. Udongo wameuchimba wao, wameufinyanga wao, wameubeba wao. Mwanamke aliyeipata shilingi yake kwa njia hiyo si mwepesi wa kununua jina. Na akiamua kununua, ameipima mwenyewe kwa uzito wa chungu. Mwenye kutoa kwa wepesi ni yule asiyejua imetokaje, na mume amfichaye mkewe hesabu za ghala asishangae akiombwa kama vile ghala halina mwisho. Mtu wa Tanga angalimfungulia mkewe daftari, akamwonyesha ya vibarua na ya zaka na ya deni la mbolea, huenda yeye mwenyewe angalikifunga kile kibweta katika simu, akaomba rangi ya kawaida na shuka mbili za watoto.

Imebaki masuala mawili madogo, ambayo huulizwa sana na majibu yake ni mafupi.

La kwanza ni kuwa wekundu wa baadhi ya rangi, za bei kubwa na za bei ndogo, hutokana na wadudu wadogo wanaoishi juu ya mpungate katika nchi za Amerika, hukaushwa wakasagwa. Wanavyuoni wa leo wamekhitalifiana juu yake: wako waliouzuia kwa kuwa ni mzoga, na wako walioufungulia kwa kuwa mdudu huyo hana damu inayomiminika na hali yake imegeuka. Mwenye kutaka kutoka katika khitilafu hiyo atafute rangi isiyokuwa na kitu hicho, nazo ni nyingi.

La pili ni udhu. Sehemu ya midomo inayoonekana mtu akifunga kinywa ni katika uso, na uso ni wajibu kuoshwa, na maji hayana budi kufika ngozini. Rangi iliyobaki kama doa tu, mfano wa hina au wekundu wa tambuu, haizuii. Lakini rangi iliyo na nta na mafuta, khasa zile zinazosifiwa kuwa hazitoki kutwa nzima, huweka utando juu ya ngozi, maji yakateleza juu yake. Sifa ile ile inayozipandisha bei ndiyo inayomtia taabuni mwenye kusali. Basi adhana ya magharibi ikiadhiniwa, mwanamke aifute kwanza kwa mafuta kidogo na kitambaa hata ngozi ionekane, atie udhu, asali. Na baada ya isha, akipenda, apake tena kwa ajili ya mumewe.